Desemba Hii, Tukaguane Kabla ya Kuondoka



Desemba inakuja, na nusu ya Dar es Salaam inajiandaa kwenda nyumbani. Wa Moshi atapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same, zaidi ya kilomita 500. Wa Mbeya ana zaidi ya kilomita 800, hifadhi ya Mikumi na mlima Kitonga vikiwa njiani. Magari yetu mengi yameshinda mwaka mzima kwenye foleni za mjini, na wengi wetu hatujashika usukani kutwa nzima tangu Desemba iliyopita.

Tumezoea kuyaona maandalizi ya safari kuwa shauri la mtu na gari lake. Lakini gari lililokosa breki halichagui wa kumgonga. Kwa hiyo nawaomba tuifanye kazi hii kwa pamoja.

Kwanza, tukaguane. Wiki moja kabla ya safari, wenye magari wa mtaa mmoja, ofisi moja, jumuiya au msikiti mmoja wakubaliane siku, wamwite fundi wanayemwamini, na kila gari lipitiwe mbele ya wenzake. Ubavuni mwa tairi zimo tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata kama tairi halijawa kipara, na tairi la mtumba huweza kuwa kuukuu kuliko linavyoonekana. Upepo upimwe tairi zikiwa za baridi, na spea isisahauliwe. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Ukishuka Kitonga huku umekanyaga breki muda wote, joto huuchemsha unyevu huo ukawa mvuke. Pedali huzama na gari halisimami. Mjini hutalijua tatizo hilo. Badilisha mafuta yaliyokaa sana, na mteremkoni shuka na gia nzito. Kisha angalieni rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, waipa na taa zote. Asiondoke mtu bila jeki, spana ya tairi, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto.

Pili, dereva alale. Tuache desturi ya kutoka kazini Ijumaa, kupakia mizigo na kuingia barabarani saa tatu usiku. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde nne za kusinzia ni zaidi ya mita 110 ambazo gari limekwenda bila dereva. Mizigo ifungwe na wengine, dereva apumzike, safari ianze alfajiri. Kila baada ya saa mbili asimame anyooshe miguu, na kama yupo dereva wa pili, wapokezane.

Tatu, abiria tuseme. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Sauti ya abiria mmoja hupuuzwa, lakini basi zima likisema "punguza mwendo" dereva atasikia. Nanyi wazazi na ndugu mnaotusubiri, msimpigie dereva. Mpigieni aliyekaa pembeni yake. Wala msituulize mbona tunachelewa. Tuambieni tulale Korogwe au Iringa tukichoka, na sikukuu itatungoja.

Nne, tusiwaachie wenzetu mitego. Gari likiharibika tunakata majani na kupanga mawe barabarani, na ni sawa kuwatahadharisha wanaokuja. Ubaya ni kuondoka na kuyaacha pale. Jiwe ulilozuilia tairi mchana humuua mwendesha pikipiki usiku. Usiwashe gari kabla hujalitoa jiwe hilo, na ukiliona la mwingine, simama mahali salama ulitoe.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya, wala kumngoja trafiki. Wikiendi hii zungumza na jirani yako mwenye gari, mpange siku, mtafute fundi. Mwambieni na wa tatu. Asiondoke mtu mtaani kwenu Desemba hii kabla gari lake halijakaguliwa, na kabla yeye mwenyewe hajalala.