Wacheni Watoto Walale

Kila muhula wa pili, moki zikikaribia, shule zetu hukumbuka ghafla kwamba mwanafunzi naye ana kichwa kinachoweza kuchoka. Basi anaitwa mzungumzaji kutoka Nairobi, suti ya buluu, viatu vya ncha. Wanafunzi mia nane wanabeba viti hadi uwanjani, wanaketi juani, wanaambiwa wafumbe macho, wavute pumzi wakihesabu hadi nne, kila mmoja ajiambie yeye ni mshindi. Wanapiga makofi ya kilo. Mzungumzaji anapokea bahasha, anapanda gari. Usiku huo prepu inaendelea hadi saa tano, na kengele ya kuamka inalia saa kumi alfajiri kama kawaida.

Hiyo ndiyo inaitwa kuwafundisha vijana kukabiliana na wasiwasi. Hilo neno "kukabiliana" limenichosha. Msee amekukanyaga kidole, na badala ya kuinua kiatu anakufundisha kuvumilia.

Ninachosema ni hiki: wasiwasi mwingi wa sekondari zetu si ugonjwa uliomwingia mtoto kutoka hewani. Umeandikwa kwenye ratiba, na ratiba yenyewe inavunja sheria.

Ndiyo, sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetaja mpaka dakika. Masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi, yaishe saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vilabu. Kwa shule za bweni, prepu ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kulala. Piga hesabu: masaa nane na nusu. Mwanafunzi wa kutwa naye asilazimishwe kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Haya si maoni ya mtaalamu fulani wa Ulaya, wala si maringo ya wazazi wa shule za bei. Ni kanuni ya Jamhuri ya Kenya, na ina zaidi ya miaka kumi sasa.

Sasa njoo Kiganjo saa kumi na nusu alfajiri uone hiyo kanuni ikitembea. Giza bado. Mbwa wa ploti ndio wameamka, na mama wa chapati anayewasha jiko. Halafu unaona sweta za shule. Wawili pale, watatu kwenye boda moja wakielekea upande wa Makongeni, begi mgongoni kubwa kuliko mgongo. Hao ni wa kutwa. Watarudi saa mbili usiku wakiwa na hesabu za kumalizia. Thika ni mji wa viwanda, na hapa tumezoea kuona watu wakiwahi zamu gizani. Tofauti ni kwamba wale wa kiwandani wana chama cha wafanyakazi, na zamu yao ina mwisho.

Mmoja wa hao wenye sweta ni binamu yangu. Yuko kidato cha tatu, lile kundi la mwisho kabisa la 8-4-4 litakalofanya KCSE mwaka 2027. Tangu mwaka uanze, akipewa karatasi ya mtihani mikono inalowa jasho, moyo unakimbia, anaona herufi lakini haoni maneno. Usiku uchovu unamwangusha kitandani, halafu usingizi unakataa kuja. Tumbo linamsokota kila Jumapili jioni. Alipelekwa dispensari akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilicheka kidogo, si kwa furaha. Nusu ya darasa letu enzi zangu tulikuwa na "vidonda vya tumbo". Hakuna aliyewahi kupimwa. Hilo lilikuwa jina la heshima la hofu, kwa sababu ukisema unaogopa unaambiwa unaigiza, lakini ukisema tumbo unapewa kitambulisho cha kwenda sanatoriamu.

Shule niliyosoma sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, na matokeo ya kila mtihani yalibandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mia mbili na kitu. Katikati ya orodha palichorwa mstari mwekundu, na walio chini yake walipiga magoti paredi ya Jumatatu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Mstari wetu mwekundu ulichorwa na watu waliokuwa na nakala ya sheria hiyo ofisini.

Najua jibu la wazazi, kwa sababu Anti hunipa kila tukikaa pale mlangoni pake. Anti anapakia bidhaa kiwandani, anasimama masaa tisa, na hataki binti yake asimame masaa tisa. "Wee, wacha kumjaza mtoto hizo stori zako. Wewe ulipewa nafasi ya chuo ukaitupa."

Tuanze na hiyo ya chuo, maana najua nawe msomaji umeiwaza. B+ yangu niliipata nikisoma usiku na miguu ndani ya karai la maji baridi ili nisisinzie. Tulikuwa wengi, karai zimepangwa chini ya madawati kama za dobi. Nilifika chuo nimechoka kama mtu anayesubiri pensheni, nikatoka mwaka wa pili, na leo nakula kwa kuandika. Sijutii. Lakini msinitumie kama mfano wa mtoto aliyekosa kusukumwa. Nilisukumwa hadi nikafika.

Hofu ya Anti, hata hivyo, siidharau. Ina hesabu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ na kuendelea, yaani wa kwenda digrii moja kwa moja, ni 246,391. Wenye A ni 1,693. Ukiwa mzazi Kiganjo, huna shamba, huna mjomba ofisini, utaangalia hizo namba na utamwamsha mtoto saa tisa ukiweza. Mlango ni mwembamba kweli. Nani atakuambia usiogope?

Ninachobishia ni imani kwamba kutolala ndiko kunampitisha mtoto mlangoni. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji masaa 8 hadi 10 ya usingizi. Hivyo ndivyo walivyosema madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016. Na usingizini ndimo ubongo unapopanga ulichosoma mchana. Jimbo la California lilienda mbali zaidi: tangu Julai 2022, sheria yake inataka sekondari nyingi zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Sisi tulikuwa tumeandika saa mbili miaka saba kabla yao. Tukaiweka kabatini.

Na kama unadhani kengele ya saa kumi ndiyo inayoleta A, kumbuka mwaka 2016. Matiang'i alibana wizi wa mtihani, na A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 za mwaka uliotangulia hadi 141. Prepu ya alfajiri ilikuwepo miaka yote miwili, na mikesha, na karai. Kwa hiyo ile miujiza ya miaka ya nyuma tuliyoibebea watoto mabegani mbele ya kamera kila matokeo yakitangazwa, sijui kama kengele inaweza kujidai nayo.

Mwalimu naye si shetani wa hadithi hii. Tangu 2016 mwajiri wake, TSC, anamtaka ajaze fomu za tathmini, na mkuu wa shule anatia saini mkataba wa utendakazi. Matokeo yakiwa mabaya, wazazi wanafunga geti kwa minyororo wakitaka mkuu ahamishwe. Mkuu anamwogopa mzazi na TSC, mwalimu anamwogopa mkuu, na mwanafunzi hana wa kumsukumia hofu yake. Anaimeza, ndiyo maana tumbo. Au anaitoa vibaya: mwaka huohuo wa 2016 shule zaidi ya 100 ziliwaka moto, nyingi muhula wa pili. Kuchoma bweni ni uhalifu, na watu wamekufa, siwezi kulitetea. Ila kila moto ukizimwa tunauliza habari za bangi, simu na wazazi wa kisasa. Swali la kengele inalia saa ngapi huwa halifiki mezani.

"Hata sisi tulisoma hivyo na hatukufa." Maze, wengine walikufa. Tulizika kimyakimya, tukasema malaria. Hadi Januari 2025, mtu aliyejaribu kujiua katika nchi hii alikuwa mhalifu kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ndipo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Fikiria hapo. Kijana aliyekata tamaa alikuwa na kesi ya kujibu. Mkuu wa shule aliyemnyima usingizi miaka minne, sijawahi kusikia hata mmoja ameitwa kortini kueleza kengele yake.

Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na tuliambiwa mambo mapya: mikondo mitatu, vipaji, mtoto achague. Sawa. Lakini wameingizwa kwenye mabweni yaleyale, chini ya kengele ileile, na wazazi tayari wanauliza ni shule gani "inafinya". Tuisheni ya likizo, ambayo sheria ya 2013 inakataza, imebatizwa majina mengi hadi sasa inaitwa motisha. Nani anailipa? Sisi. Mkutano wa wazazi uliopita Anti aliinua mkono kuipitisha, pamoja na karibu ukumbi mzima.

Kwa hiyo sina hamu ya kampeni nyingine ya afya ya akili yenye fulana na keki. Mshauri nasaha kila shule, sawa, aje, awe na chumba chenye mlango unaofungika. Na kama usiku wa leo kuna mtoto ameelemewa, namba 116 ya watoto hupigwa bure. Lakini mshauri atakayeletwa kwa mtoto aliyelala masaa manne atakuwa anapangusa maji sakafuni na mfereji umefunguliwa.

Ninachotaka ni kidogo na hakina gharama. Kwenye mkutano wa wazazi, mzazi mmoja asimame, aombe kuonyeshwa ratiba ya shule, aiweke kando ya kanuni za 2015, asome saa moja moja kwa sauti. Aulize mwanafunzi anaamshwa saa ngapi na kwa idhini ya nani. Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Akinyamazishwa, apeleke barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na nakala abaki nayo.

Nimechapisha ukurasa huo pale saiba, nakala kumi. Moja nilimpa Anti. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaniuliza kama ni kweli imetoka serikalini, kisha akaikunja akaitia mfukoni mwa aproni ya kazi. Mkutano unaofuata ni muhula ujao. Amesema hataongea, ataenda nayo tu. Zimebaki nakala tisa, na ploti yetu pekee ina wazazi sita.