Spana za Nyumbani: Tazama Mdomo, Usihesabu Vipande

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya majiko, juu ya maji ya kunywa na juu ya cherehani. Leo tulivute sanduku lililo chini ya kitanda, lile ambalo mama wa nyumba hulitazama kwa jicho la mashaka kila anapofagia, kwa sababu anazikumbuka fedha zilizokwenda humo. Ni sanduku la spana.

Nyumba nyingi za askari na polisi, hapa Nesitu na katika vitongoji vya Juba, zina chombo kimoja au viwili vinavyokwenda kwa injini: pikipiki, jenereta, pampu ya maji, pengine gari kuukuu la ndugu watatu waliochangiana. Mwenye chombo si fundi kwa kazi. Ana zamu yake au ofisi yake. Lakini Jumamosi huvua sare, akavaa kaptura iliyochakaa, akaketi kivulini na kufungua kile kilichogoma. Huyo ndiye ninayemwandikia, pamoja na mkewe, maana fedha ya nyumba ni ya wote wawili.

Yafaa ieleweke kwamba kwetu sisi jambo hili si la kupitishia wakati tu. Barabara ya lami ya kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo ilikamilishwa mwaka 2012, hupita hapa Nesitu, na kila mtu anajua kwamba si barabara ya kuharibikiwa jioni. Mwaka 2021 madereva wa malori wa Kenya na Uganda walisimamisha safari zao mpakani Elegu baada ya wenzao kuuawa njiani katika nchi hii. Nati inayokataa kufunguka wakati jua linazama si nati tu.

Elimu yangu mwenyewe niliipata kwa aibu. Nilikuwa nimenunua sanduku zuri la plastiki, lenye vipande zaidi ya 80 vinavyong'aa kama vijiko vya harusi, kila kimoja kimelala katika shimo lake. Jioni moja, nikitoka Nesitu kwenda mjini, cheni ya pikipiki yangu ikalegea ikaanza kuruka meno. Kazi yenyewe ni ndogo: hulegezwa nati ya ekseli ya nyuma, gurudumu likavutwa nyuma kidogo, nati ikakazwa. Nikatwaa spana ya 19, nikaishikisha, nikavuta. Spana ikapanua mdomo wake kama kuku mwenye kiu. Nilipovuta mara ya pili ikateleza na kula pembe za nati. Mara ya tatu nati ikawa duara kama shilingi, nami nikawa na damu vidoleni.

Aliyeniokoa ni dereva wa lori, mtu wa Mombasa, aliyekuwa ameegesha karibu. Aliichukua spana yangu, akaipima kiganjani, akanirudishia. “Ndugu yangu,” akasema, “hiki si chuma, huu ni uji uliokauka.” Akatoa soketi kuukuu ya 18, nyeusi, isiyo na mng'aro wowote, akaigongea kwa nyundo juu ya nati iliyoharibika mpaka ikauma, akaunga mkono mrefu, akavuta mara moja. Nati ikalia, ikalegea. Haikufaa tena, bila shaka. Akanipa nyingine kutoka katika kopo lake, akakataa malipo.

Basi jambo la kwanza ni chuma chenyewe. Spana njema hufuliwa ikiwa ya moto, kisha hupashwa, huzamishwa ghafla ipoe, na kupashwa tena kwa kiasi ili iwe ngumu bila kuwa nyepesi kuvunjika. Aghalabu chuma hicho huwa kimechanganywa na kromu na vanadiamu, ndiyo maana huyaona maneno Chrome Vanadium yamechapwa mkononi mwa spana. Lakini maneno hayana gharama. Mwenye muhuri yeyote huweza kuyachapa. Wala mng'aro si ushahidi, kwani kromu ya juu ni nguo tu. Tazama ndani ya mdomo: kuta mbili ziwe zimenyooka, sambamba, zimechongwa laini. Ukiona vijipele, matone ya kromu yaliyoganda au kona za mviringo, mrudishie mwenye duka kwa adabu.

Kipimo kilicho bora zaidi hakigharimu kitu. Unapokwenda sokoni, iwe Konyokonyo hapa Juba, Kisekka mjini Kampala, au Kirinyaga Road mjini Nairobi, chukua mfukoni bolti mbili tatu mpya. Ivishe spana juu ya kichwa cha bolti, uitikise. Ikicheza kama mlango uliolegea bawaba, itakula pembe. Mwuzaji atanung'unika, mwache anung'unike.

Jambo la pili ni namba, na hapa ndipo wengi hupotea. Namba iliyo juu ya spana si unene wa bolti. Ni upana wa nati kutoka ubavu hadi ubavu. Nao upana huo haufanani kwa mataifa yote. Bolti yenye unene wa milimita 8, Wajapani huivalisha kichwa cha 12, Wajerumani huivalisha cha 13. Yenye unene wa milimita 10, Mjapani huipa kichwa cha 14, Mjerumani wa zamani 17, na kanuni ya kimataifa 16. Kwa hiyo mwenye Toyota atatumia 10, 12, 14, 17 na 19 mpaka zichakae, huku ile 13 aliyoinunua kwa fedha halali ikilala usingizi. Kabla ya kununua chochote, zunguka chombo chako na daftari, uandike ni nati zipi kinazo. Mpe mtoto kazi ya kuandika. Atajifunza kuliko darasani, nami nasema hivyo nikiwa nimesomea ualimu.

Wenye Land Rover za zamani na matrekta ya zamani ya Massey Ferguson wana mtihani wao, maana vyombo hivyo vilifungwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 huingia, ikaonekana kana kwamba imekubali, na siku nati imeshika kutu huiharibu. Robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, hukaribiana na 19 kiasi cha kuvumilika. Lakini ni heri seti ndogo ya inchi iliyonunuliwa kando kuliko kubahatisha.

Sasa, ninunue nini? Mtu wa mshahara wa serikali, na mshahara wenyewe usiofika kila mara kwa tarehe yake, asinunue sanduku kubwa. Hesabu vipande vya sanduku kama lile langu, utaona kwamba zaidi ya nusu ni vichwa vidogo vya bisibisi. Anza na spana zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili, kuanzia 8 hadi 19, za chuma chema. Pete ni ya kulegezea na kukazia, kwa sababu huikumbatia nati pande zote. Mdomo ni wa kuzungushia kwa haraka nati ikiisha kulegea, au wa mahali ambapo pete haiingii. Laiti ningalilijua hilo tu siku ile, huenda hata uji wangu ungalistahimili.

Fedha ikipatikana tena, fuata na soketi za tundu la nusu inchi pamoja na mkono wake. Chagua zenye pembe sita ndani, si kumi na mbili: za kumi na mbili hushika upesi, lakini hubana nati kwenye ncha, na nati iliyozeeka hukosa ncha za kubanwa. Usisahau 21 kwa ajili ya magurudumu ya Land Cruiser na Hilux. Na racheti, yaani ule mkono unaolia kama nyenje, usiutumie kung'olea nati iliyoshika. Meno yake ya ndani ni madogo, huvunjika. Tumia mkono mgumu usio na meno.

Iko pia ile spana ya kurekebishwa mdomo, ambayo mafundi wa Tanzania wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika ukurasa wa familia, kwa kuwa haikatai nati yoyote. Aliyeipa umbo lake la sasa ni Johan Petter Johansson wa Sweden, mwaka 1892. Kwa mabomba ya maji ni rafiki mwema. Kwa injini ni ya dharura tu, nayo ivutwe kuelekea upande wa taya inayotembea, ili uzito uangukie taya isiyotembea.

Neno moja juu ya nguvu, hasa kwa vijana wetu wa kikosini wenye mikono mizito. Urefu wa spana haukuwekwa kwa bahati. Spana ya 10 ni fupi kwa sababu bolti yake ni nyembamba, milimita 6 tu; mvuto wa kilo 8 au 9 kwenye mkono wa sentimita 12 humtosha kabisa. Anayeongeza kipande cha bomba ili akaze zaidi huikata bolti ikabaki ndani ya alumini ya injini, na hapo Jumamosi yake imekwisha, na pengine Jumamosi nne zijazo. Iliyoshika kutu ipakwe mafuta mepesi tangu jana yake, igongwe kidogo, ndipo ivutwe.

Naomba pia niseme, bila kumnyooshea mtu kidole, kwamba spana za karakana ya kikosi ni mali ya umma. Ukizizoea nyumbani, siku ya ukaguzi zitakuwa chini ya kitanda chako badala ya kuwa kwenye ubao wake.

Lile sanduku langu la vipande 80 sikulitupa. Watoto hutumia visoketi vyake kuchezea, na kile kifuniko cha plastiki mama watoto amepandia vitunguu. Spana nilizo nazo sasa ni tisa, zimefungwa katika kitambaa cha turubai alichokishona yeye mwenyewe, kila moja na mfuko wake, hata ikikosekana tundu huonekana mara moja. Yeye pia ndiye mwenye daftari la walioazima. Nilipotazama asubuhi hii, 12 ilikuwa imeandikwa kwa jina la jirani tangu Jumapili, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza.