Bukavu: Saut-de-mouton peke yake haitafungua barabara

Kila mara msongamano wa magari unapofunga Nyawera au Essence, wazo lile lile linarudi: Bukavu nayo ijengewe saut-de-mouton kama Kinshasa. Wazo hilo si la kuchekwa. Mwenye kupeleka mgonjwa hospitali ya Panzi saa kumi na moja ya jioni anajua bei ya dakika zinazopotea njiani. Lakini kabla ya kuomba daraja la juu, tuangalie limeleta nini kule lilikojengwa.

Kinshasa ilianza ya kwake mwaka wa 2019, katika programu ya dharura ya siku 100 ya Rais Félix Tshisekedi. Njia panda zilizungushiwa mabati, kazi ikachelewa, wakaaji wakateseka kuliko mbele. Mwaka wa 2020 wakuu wa OVD na wa Office des Routes walihukumiwa kifungo katika kesi za fedha za programu hiyo. Baadaye magari yakaanza kupita juu. Na bado, Oktoba 2024, serikali ilijaribu barabara za mwelekeo mmoja na za kupokezana kwa saa, kwa sababu mji ulikuwa umekwama. Daraja linavusha gari kwenye njia panda moja, kisha linaliacha katika foleni ya njia panda inayofuata.

Dar es Salaam ilipata nafuu zaidi. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018 kwa msaada wa Japani, liliwasaidia kweli wanaopita barabara ya Nyerere kwenda uwanja wa ndege. Barabara ya Mandela ilibaki chini na taa zake. Ila pale zilikuwa zinakutana barabara mbili pana, na tangu 2016 mji huo una mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake.

Sisi barabara hizo mbili pana hatuna. Wabelgiji waliipanga Costermansville kwa watu wachache, kwenye rasi za ziwa. Leo tumepita milioni moja, na Ibanda, Kadutu na Bagira bado zinategemea barabara chache za lami. Ile ya Lumumba ndiyo mgongo: gari moja likiharibika pale, mji mzima unasimama. Lori linalotoka Uvira kuelekea Kavumu na Goma halina njia nzuri ya kuzunguka; linapita katikati ya taksi, wamotari na mama wenye mizigo kichwani.

Na hata hizo chache hatuzitumii zote. Upande mmoja magari yameegeshwa, upande mwingine bidhaa zimepangwa chini, wamotari wanangoja wateja kwenye kona, taksi inasimama popote mtu anaponyoosha mkono. Kuwafukuza mama wauzaji kwa fimbo hakujawahi kusaidia. Kesho yake wanarudi, kwa sababu wanunuzi wanapita hapo. Wapewe mahali penye wapita njia, si nyuma ya mlima. Wamotari nao wachorewe vituo vyao. Kule juu Kadutu, nyumba zimemeza avenue mpaka gari la zimamoto halifiki moto unapozuka, na huko hakuna saut-de-mouton itakayofika.

Kuna pia udongo wetu. Mlima wa Funu unateleza, na wengi tunakumbuka tetemeko la Februari 2008. Nguzo nzito kwenye miteremko kama hii inataka uchunguzi wa muda mrefu na fedha nyingi. Kwa fedha hizo mifereji na barabara ndogo za kuunganisha mitaa zingeweza kutengenezwa kwanza.

Tunachoomba kwa yeyote anayeongoza mji ni kupima kabla ya kujenga. Kutoka Place de l'Indépendance hadi Panzi ni dakika ngapi asubuhi, mchana na jioni, kwa taksi, kwa moto na kwa miguu? Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wanaweza kuhesabu hayo kwa mwezi mmoja, kwa gharama ndogo. Kisha maegesho yaondolewe Essence kwa miezi mitatu, polisi wa barabarani wasimamie bila kuomba kitu, na hesabu irudiwe. Ikionekana bado njia panda yenyewe ndiyo inayofunga, hapo mazungumzo ya daraja yawe na msingi. Nalo lipimwe kwa safari nzima, mlango hadi mlango, pamoja na ya wale wanaotembea kwa miguu, ambao ndio wengi.

Na ziwa je? Mitumbwi yenye mota inabeba watu kila siku kwenda Idjwi. Kwa nini mkaaji wa Bagira anayefanya kazi Ibanda asivushwe kwa maji, akiwa amevaa gilet na amelipa bei inayojulikana?