Fundi Asiyefungua Kifuniko

Wapo watu, tena wasomi, wanaotuambia kwamba kazi yetu ni kutumia kompyuta, si kujua programu zake zimejengwaje. Eti maadamu programu huria hupatikana bure, tunataka nini zaidi? Hiyo ni kasumba, na yafaa ikataliwe hadharani.

Hebu msomaji apite Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kijana asiyekanyaga chuo hufungua simu, akachomelea waya mwembamba kama unywele, akaifunga ikalia. Hakuna anayemwambia kuwa ndani hapamhusu. Mbona kwenye programu tunakubali kuambiwa hivyo?

Programu huria hutolewa pamoja na chanzo chake, yaani maandishi aliyoandika mtu, na mtu mwingine anaweza kuyasoma. Maandishi hayo hupitishwa kwenye kompaila, mathalani ile ya GNU iliyotolewa mwaka 1987, nayo huyageuza kuwa amri zinazofahamika na mashine. Mara nyingi kazi hukwama: maktaba fulani haipo, au toleo lake limepitwa. Hapo ndipo shule ilipo. Anayehangaika hadi programu ikasimama ameshajua imesimama juu ya nini. Aliyebonyeza kitufe tu hajui.

Mfano tunao. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna mwenye mali aliyepigiwa magoti, kwa kuwa chanzo kilikuwa wazi. Lakini uwazi peke yake haufanyi kazi. Walihitajika watu wa kukaa nacho, kutafsiri, kujenga na kujaribu.

Watasema intaneti ni ghali. Chanzo kikishashushwa mara moja, leseni yaruhusu kukinakili. Flashi moja yatosha darasa zima. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha zamani. Leo tunajizuia wenyewe.

Na hasara si ya wasomi peke yao. Mwenye duka Kariakoo akitunza hesabu zake katika programu ambayo hakuna mtu hapa awezaye kuifungua, siku muuzaji wake akifunga ofisi, daftari limekwenda naye.

Kwa hiyo vyuo vyetu visimpe cheti cha kompyuta mwanafunzi ambaye hajajenga hata programu moja kutoka kwenye chanzo chake. Fundi wa Aggrey hapewi meza kabla hajafungua kifuniko.