UPWEKE WA ANGANI SI MZAHA

Wako wenzetu wanaodai kwamba mwanaanga hajui upweke. Ati akishavaa zile nguo zake nyeupe, akili yake huwa kama mashine! Mimi nasema, la hasha! Mwanaanga ni binadamu, na wahenga walinena kuwa mtu ni watu.

Hebu tumtazame Valeri Polyakov, daktari wa Urusi. Tangu Januari 1994 hadi Machi 1995 alikaa siku 437 mfululizo angani, katika kituo cha Mir. Alipopimwa, kumbukumbu yake ilikuwa sawa. Lakini wiki za mwanzo, na tena aliporudi duniani, moyo wake ulikuwa mzito, na jicho na mkono havikupatana vizuri kazini. Katikati ya safari alizoea.

Scott Kelly wa Marekani naye alikaa siku 340, kuanzia 2015 hadi 2016, huku pacha wake Mark akibaki duniani. Aliporudi, alijibu majaribio ya akili polepole na kwa makosa zaidi kuliko awali, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Mtu ataniuliza, je, si kuelea na mionzi tu iliyoleta hayo? Huenda yamo pia. Lakini mjini Moscow, kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa siku 520 ndani ya chombo kilichokuwa papa hapa ardhini. Hawakuelea hata kidogo, jamani! Hata hivyo, wengi wao walipata matatizo ya usingizi au ya umakini. Mmoja siku yake ilirefuka ikawa kama ya saa 25, basi ikafika wakati yeye yu macho wenzake wakikoroma.

Wengine husema dawa ni kuchagua madume wasiotishika. Sikubaliani nao. Mwenye kuelemewa si mwoga. Wa kuogopwa ni yule anayeficha hali yake, kwa maana kidole chake kikikosea kitufe kimoja, wote wameangamia. Tena katika safari ya Mirihi, ujumbe waweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika nyumbani. Utamlilia nani?

Kwa maoni yangu, wanaopanga safari hiyo wahesabu urafiki kama wanavyohesabu chakula na oksijeni. Wachague watu wanaopatana, walinde usingizi wao, na wakirudi wasisukumwe kazini upesi.

Nasi tunaoishi bweni twaonja hayo kwa kijiko tu. Mwanafunzi mgeni akichanganyikiwa wiki ya kwanza, mbona twamcheka? Tumshike mkono, azoee. Ikiwa upweke wamlegeza shujaa wa angani, sembuse mtoto aliyetoka kwao jana?