Mwalimu na Asimulie Kazi Yake

Mwalimu wa Kenya hupimwa kwa fomu. Tangu mwaka wa 2016, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) imemtaka aonyeshe, kupitia tathmini ya TPAD, kwamba amehudhuria vipindi, ana maazimio ya kazi na maandalio ya somo, na amefidia vipindi alivyokosa. Ni haki kumuuliza hayo, maana asiyeingia darasani hana la kusimulia. Lakini fomu haimfikii mwalimu wa Tuwan, hapa Kitale, ambaye watoto wake huhama mzazi akishindwa na kodi ya nyumba. Mtoto aliyeingia gredi ya nne bila kujua kusoma, akaimaliza akisoma hadithi nzima peke yake, haonekani popote kwenye fomu hiyo. Mtihani wa KCPE nao, uliompa mwalimu wa shule ya msingi wastani wa kuonyesha, ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023.

Kazi ya namna hiyo huonekana ikisimuliwa. Tazama habari za Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi na hisabati wa shule ya kutwa ya Keriko, Njoro, aliyetuzwa dola milioni moja mjini Dubai mwezi Machi 2019 kama mwalimu bora duniani. Mwaka wa 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka uliofuata walikuwa 26. Peleka hiyo 26 katika shule ya kitaifa, hakuna atakayeipigia makofi. Ila waliosikia habari za Keriko walijua pia kwamba shule ilikuwa na kompyuta moja tu, kwamba karibu thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja, na kwamba mwalimu huyo alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Walijua kuwa visa vya utovu wa nidhamu vilikuwa vimeshuka kutoka 30 kwa wiki hadi vitatu. Palipoanzia pakijulikana, na kilichofanywa kikijulikana, nambari ndogo inapata uzito wake. Simulizi ya namna hiyo haipambi ushahidi. Inaupanga ili aliye mbali auelewe.

Wapo watakaosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mwalimu mwadilifu hajipigii debe. Naheshimu unyenyekevu huo, lakini jopo la kuwapandisha walimu vyeo halikai Tuwan. Aliyeona mtoto akibadilika ni mama yake, naye haalikwi kwenye mahojiano. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hadithi huweza kutungwa. Ni kweli, na ndiyo maana isikubaliwe bila daftari la mtoto la Januari kuwekwa kando ya lile la Oktoba, rejista ya darasa, na neno la mwalimu mkuu. Uongo wa aina hiyo ni mgumu zaidi kuuficha kuliko maandalio ya somo yaliyonakiliwa ya mwaka jana. Mwalimu asimulie pia pale alipokwama, na awataje wenzake waliomsaidia, kwa kuwa hakuna mtoto anayefundishwa na mtu mmoja. Na kuna mpaka ambao mimi singekubali uvukwe: jina na picha ya mtoto maskini visigeuzwe ngazi ya cheo cha mtu mzima.

Kuhusu mzigo wa makaratasi, walimu wana haki ya kulalamika. Ukurasa mmoja wa simulizi kwa mwaka unatosha, nao uchukue nafasi ya karatasi nyingine badala ya kuongezwa juu yake. TSC inaweza kuuingiza katika tathmini yake, lakini walimu wakuu wa Trans Nzoia na Bungoma hawahitaji kungoja waraka kutoka Nairobi. Muhula huu, waombeni walimu wenu ukurasa huo, usomeni mbele ya wazazi, na muwape nafasi wazazi waseme kama ndivyo ilivyokuwa.