Programu ni ya Bure, Mhadhiri si wa Bure

Aprili 2025 Waziri wa Elimu wa Kenya Julius Ogamba alitangaza kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima katika sekondari pevu, na taifa likashusha pumzi. Wiki chache kabla ya hapo mpango ulikuwa kuwaruhusu wasiofuata mkondo wa sayansi na teknolojia (STEM) waliache somo hilo wakipenda, mpaka kelele zikazidi. Lakini kilichorudishwa hakikuwa kitu kimoja. Kuna Hisabati nzito ya wanaofuata mkondo wa STEM, na nyingine nyepesi ya wale wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watabisha hodi vyuoni mwaka 2029, na miongoni mwao watakuwemo wa sayansi za jamii wanaotaka kusomea uchumi, ambao mwaka wa kwanza tu watakutana na kalkulasi. Ukiuliza nani atawavusha, jibu jepesi ni kwamba siku hizi kuna programu za kompyuta. Ni kweli zipo, na nyingine ni nzuri sana. Ila kuzileta ili zikae mahali pa mhadhiri ni kumpa mgonjwa kipimajoto na kumfukuza daktari.

Pengo lenyewe si geni, wala halikuzaliwa na mtaala mpya. Kutoka Kenya High, hapa Kileleshwa, hadi kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni mwendo mfupi, lakini ukumbi wa mwaka wa kwanza unaweza kumkalisha binti wa shule ya kitaifa kama hiyo bega kwa bega na mvulana wa shule ya kutwa ambako mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja tu. Wote wawili walivuka kiwango cha C+ na wote wanasomewa mhadhara ule ule. Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hana namna ya kusahihisha zoezi la kila mmoja kila wiki, kwa hiyo anayejikwaa kwenye aljebra ya kidato cha pili hugundua hilo siku ya mtihani.

Chuo Kikuu cha Maseno hakikusubiri 2029. Tangu 2019 baadhi ya wahadhiri wake wa hisabati wamekuwa wakitumia STACK, mfumo ulioasisiwa na Chris Sangwin katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ambao hukaa ndani ya Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na hugawiwa bila malipo. Mwanafunzi hachagui A, B, C au D. Anaandika jibu lake mwenyewe, na Maxima, programu ya aljebra iliyo nyuma ya pazia, hulipima. Mwambie afungue mabano ya (x + 3)². Akiandika x² + 6x + 9, amepata. Akiandika 9 + 6x + x², amepata vilevile, kwa kuwa mashine hutoa jibu moja katika jingine na kubaki na sifuri. Akiandika 9 + x(x + 6), anaweza kuambiwa kwamba thamani ni sawa ila bado kuna mabano. Na akiandika x² + 9, kosa lililowachosha walimu wote wa hisabati, anaweza kujibiwa hivi: weka 1 mahali pa x; (1 + 3)² ni 16, lakini 1 + 9 ni 10, sasa ile 6 imepotelea wapi? Mwenzake wa bwenini akifungua swali hilo hilo atakuta 5 badala ya 3, kwa hiyo kunakili hakumsaidii.

Lakini nani aliyeuliza ile 6 imepotelea wapi? Si Maxima. Maxima haijui kwamba vijana hupandisha kila kipande kivyake. Aliyejua ni mhadhiri, ambaye aliketi akajenga tawi la kosa hilo, akaandika maneno ya kumwelekeza mwanafunzi, kisha akalijaribu swali kwa namba tofauti ahakikishe haliharibiki (namba ikiwa 0, kosa na jibu sahihi hufanana, na swali zima halina maana). Tawi hilo lisipoandikwa, mfumo ule ule unaosifiwa utasema tu kwamba jibu si sahihi, na mwanafunzi atajaribu tena na tena kama mtu anayebahatisha namba ya siri ya simu ya wizi. Swali moja la aina hii, likiandikwa vizuri, hula saa, na kozi moja inataka makumi ya maswali. Saa hizo ziko wapi katika mahesabu ya vyuo vyetu? Ratiba huhesabu mihadhara, na vigezo vya kupanda cheo vinatazama zaidi machapisho. Na anayetakiwa kuzitoa ni mhadhiri yule yule aliyegoma siku 49 mwaka 2025, Septemba hadi Novemba, akidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa mishahara wa 2021-2025. Huyo ndiye tunayemwendea na habari njema kwamba programu ni ya bure!

Watasema akili unde siku hizi hujibu lolote bila kuandikiwa matawi. Hujibu, ndiyo, na mara nyingi humkabidhi mwanafunzi suluhisho kabla hajapata nafasi ya kukosea. Inapokosea yenyewe hukosea kwa ufasaha, mbele ya mtu asiyeweza kuikosoa. Watasema bando ni ghali. Ni hoja, ila maswali ni maandishi tu, hayali data kama video. Wala mashine haitoshi peke yake: Uingereza kwenyewe, kulikozaliwa STACK, Chuo Kikuu cha Loughborough kilifungua kituo cha msaada wa hisabati mwaka 1996, ambako mwanafunzi huingia bila miadi akamkuta mtu mezani. Mashine zilipokuja, vituo vya namna hiyo havikufungwa.

Basi idara za hisabati, kuanzia Chiromo hadi Maseno, zidai jambo moja kabla ya 2029: uandishi wa maswali uingie kwenye mzigo rasmi wa kazi, saa kwa saa kama mhadhara, na ulipwe. Chuo kisichoweza kuzilipa saa hizo kiseme hivyo waziwazi, kisiwafungulie wanafunzi akaunti kisha kikaita hilo msaada.